Fundi wa gesi aliyetufungia moto wa sebuleni hapa Leicester: nyota nne na nusu

Kwa wale wa Leicester na maeneo ya jirani mnaotafuta fundi wa kuwafungia moto wa gesi sebuleni, yaani hita ya gesi ya ukutani, au wa kuufanyia sevisi ule wa zamani mlioukuta ukutani mlipohamia, haya ndo maoni yangu. Nyota nne na nusu kati ya tano. Jina lake siliweki hapa maana ni mtu anayejitegemea, hana kampuni kubwa, na sijamuomba ruhusa ya kumtangaza, anayemtaka aniulize pembeni nitampa namba. Ila nataka nieleze alichofanya hatua kwa hatua, kwa sababu hata ukimchukua fundi mwingine kabisa itakusaidia kujua kazi hii ikifanywa sawasawa inakuwaje. Wengi tunaangalia moto unavyopendeza na bei, basi, wakati kitu hasa unachomlipia fundi ni dohani, ile njia ya kupandishia moshi nje, na hewa ya chumbani.

Nyumba yenyewe ni zile za matofali za zamani zilizoungana mstari mzima, za enzi za malkia Victoria, kila chumba kina sehemu ya moto na dohani yake ya matofali. Zamani zilikuwa zinachomwa makaa ya mawe humo, baadaye waliotutangulia wakaweka hita ya gesi mbele ya tundu, zile zenye vigae vya kauri vinavyowaka rangi ya chungwa. Boila ya kuchemsha maji tunayo na redieta zake za kutoa joto zipo kila chumba, lakini mama mkwe wangu tunakaa naye, mtu mzima, mchana kutwa yuko sebuleni, na kuwasha nyumba nzima kwa ajili ya chumba kimoja ni hasara tupu. Hita ya umeme nayo, kwa miaka hii uniti moja ya umeme hapa Uingereza inakaribia mara nne ya uniti ya gesi, bili ikija mnaangaliana tu.

Ile hita ya zamani ilikuwa na dalili mbili ambazo naomba kila mwenye nayo azishike. Kwanza pailoti, kile kimoto kidogo kinachokaa kimewaka muda wote, ilikuwa inazimika yenyewe mara kwa mara. Pili, ukutani juu ya hita kulikuwa na doa la kahawia linalopanda, ukilifuta linarudi. Ukiona hivyo, au ukiona masizi kwenye vigae, au vioo vya dirisha vinatoka jasho sana kila hita ikiwashwa, zima, usiwashe tena mpaka aje fundi. Tulizima siku hiyohiyo, Mama akavaa koti na blanketi juu, tukaanza kutafuta fundi.

Kabla ya huyu, kuna kampuni moja tulipiga simu, wakatupa bei palepale kwenye simu bila kuja kuangalia. Tunakuja, tunatoa ya zamani, tunaweka mpya, masaa mawili kazi imeisha. Hawakuuliza dohani ikoje, hawakuuliza mara ya mwisho ilisafishwa lini, hawakuuliza chumba kina tundu la hewa au la. Bei yao ilikuwa nzuri kweli na Baba Fatma alitaka tuwachukue, mi nikakataa, maana mtu anayefunga moto ndani ya ukuta bila kuuliza moshi unatokea wapi huyo sijui anafunga nini.

Huyu tuliyemchukua, kabla hata hajavua viatu, alitoa kitambulisho chake cha Gas Safe mwenyewe bila kuombwa. Hapa nisimame kidogo. Kwa sheria ya hapa, kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998, fundi anayekufanyia kazi ya gesi nyumbani kwa malipo lazima awe amesajiliwa, na toka tarehe 1 Aprili 2009 daftari la usajili kwa Uingereza bara ni Gas Safe Register, kabla ya hapo lilikuwa CORGI. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kadi ya CORGI leo ujue hiyo ni historia. Na kadi yenyewe msiishie kuangalia picha ya mbele. Igeuze. Nyuma yake ndo kumeandikwa anaruhusiwa kugusa nini: boila, jiko la kupikia, hita za moto wa gesi, kila kimoja kina mtihani wake. Fundi anaweza kuwa halali kabisa kwa boila na akawa hana ruhusa ya moto wa gesi. Ile namba ya leseni unaiingiza kwenye tovuti yao na anatokea yeye na kazi anazoruhusiwa kufanya. Mi niliingiza palepale mbele yake, hakukasirika, alisema angependa kila mteja afanye hivyo.

Kazi ya kwanza hakugusa hita. Alienda kwenye mita, akachomeka kipimo cha presha, akafunga gesi, akaacha dakika 1 itulie halafu akaangalia dakika 2 kama presha inashuka. Ikishuka maana yake kuna mahali inavuja. Yetu haikushuka. Hapohapo akamwita Baba Fatma na mimi akatuonyesha valvu ya dharura iliyo karibu na mita, ule mpini: ukilala sambamba na bomba gesi iko wazi, ukiukatisha bomba imefungwa. Akatufanya kila mmoja aufunge na kuufungua kwa mkono wake, maana alisema nyumba nyingine mpini umekauka haujaguswa miaka, siku ya hatari ndo watu wanagundua hauzunguki.

Halafu akaitoa ile hita ya zamani. Nyuma yake kulikuwa na bati limebandikwa kuziba tundu la dohani, lina matundu mawili, la juu ndo mdomo wa hita wa kutolea moshi unaingia na la chini ni upenyo mdogo wa makusudi wa kuvuta hewa ili dohani isizidishe mvuto. Bati linatakiwa liwe limezibwa pembeni pande zote kwa tepu maalum ya kuhimili joto. Yetu tepu ilikuwa imekauka imejikunja, upande wa kulia imeachia kabisa, ukipitisha mkono unasikia upepo. Akalibandua bati taratibu, na hapo ndo nikaelewa tulikuwa tunalala na nini. Lundo la masizi, vipande vya tofali na chokaa vilivyodondoka ndani ya dohani kwa miaka, na juu yake vijiti vikavu vingi, vyembamba, na manyoya. Kunguru wadogo wa huku wanapenda sana kujenga kwenye dohani, wanadondosha vijiti mpaka vinashika katikati wanaanza kutandika. Kule nyuma ya hita ya aina ile inatakiwa kubaki nafasi tupu chini ya mdomo wake, angalau milimita 250, ili hata uchafu ukidondoka usizibe njia ya moshi. Akaweka rula. Uchafu ulikuwa umefika karibu na mdomo wenyewe, nafasi iliyobaki unaweza kuifunika kwa vidole viwili.

Sasa hii maana yake nini. Gesi ikiungua ikapata hewa ya kutosha na moshi wake ukapanda juu, unapata joto na unabaki salama. Njia ikiziba, ule moshi hauna pa kwenda, unarudi chumbani, hewa inazidi kuwa mbaya, moto unakosa oksijeni, gesi inaungua nusunusu, na hapo inatoka kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu ya gesi tunayoijua huwa inatiwa kwa makusudi kwenye gesi ya bombani ili ikivuja uisikie, lakini hii nyingine inayozaliwa na moto mbaya huisikii kabisa. Inashika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, unaanza kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, unadhani ni mafua ya baridi. Dalili ya kuishtukia ni kwamba mkitoka nje mnapata nafuu na mkirudi inaanza tena, na mnaumwa wote kwa pamoja, hata paka. Ndo hiyohiyo inayoua watu kule nyumbani wanapoingiza jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi wakafunga madirisha wakalala, sote tumezisikia hizo habari toka utotoni. Watu tunaogopa jiko la mkaa lakini moto wa gesi ukutani tunauamini tu kwa sababu ni wa Ulaya.

Akasema leo sifungi. Dohani iliyowahi kuchomewa makaa lazima isafishwe na fundi wa dohani kwanza, na vijiti vyote vitoke, ndo arudi. Hita ya zamani akaikata kabisa, akaziba bomba, akaifungia karatasi ya onyo na kutuachia nakala yenye maelezo ya hatari aliyoikuta. Mama hakufurahi hata kidogo. Aliniambia, "Mwanangu, huyu amekuja kuvunja tu au kujenga? Si aweke huo moto tuote, hivyo vijiti atavitoa kesho." Nikamwambia Mama vuta subira, huyu anayekataa kazi yenye hela ndo wa kumsubiri. Na hii ndo sababu kubwa ya nyota nilizompa. Alikuwa na hita mpya kwenye gari, angeweza kuifunga siku hiyo akaondoka na hela yake na sisi tungemshukuru.

Fundi wa dohani alikuja, alitoa magunia ya uchafu, hiyo ni gharama ya pembeni msiisahau kwenye hesabu zenu. Baada ya hapo yule wetu akarudi na jambo la kwanza akafanya jaribio la moshi. Anawasha kidonge kinachotoa moshi mzito mweupe pale chini ya dohani, halafu yeye anatoka nje kuangalia unatokea wapi. Unatakiwa utoke juu ya paa kwenye chungu chake tu, ule mdomo wa dohani, si kwingine popote. Akapanda chumba cha juu ambacho dohani inapita ukutani, akanusa na kumulika tochi, akapanda darini, akaangalia, mpaka akamgongea jirani wa upande wa pili akamwomba aangalie kwake, kwa sababu nyumba zilizoungana dohani zinakaa mgongo kwa mgongo na ukuta wa katikati ukiwa na ufa moshi wako unamuua jirani. Hili la jirani sikulitegemea na limenigusa sana. Jirani yetu mzee anakaa peke yake.

Juu ya dohani akaweka kofia ya kuzuia ndege, ila akasisitiza iwe ya aina inayoruhusiwa kwa moto wa gesi, kwa sababu zile za kuziba mvua kwenye dohani isiyotumika ukiiacha juu ya moto unaowaka umejifungia moshi ndani mwenyewe. Inaonekana kuna nyumba nyingi mtu aliziba dohani kwa juu, akauza nyumba, mwenye mpya hajui, anafunga hita.

Kuhusu kuchagua hita, mapema alikuwa ametupa maelezo mazuri, nitayapitisha haraka. Kuna zile za mapambo tu, kapu la makaa ya bandia wazi kabisa chini ya dohani, nzuri machoni lakini joto kubwa linapanda juu linapotea, na kawaida zinataka tundu la hewa la kudumu ukutani, sentimita 100 za mraba. Kuna zinazoingia ndani ya tundu la ukuta, makaa ya bandia mbele, zina uwezo mpaka kilowati 7, hizi mara nyingi hazihitaji tundu la ziada ila usome kitabu cha hita yako. Kuna zenye kioo mbele, hizo ndo zinatunza joto hasa, nyingine zinaleta chumbani asilimia 80 na zaidi ya joto la gesi. Na kuna zisizo na dohani kabisa zinazotegemea kichujio, hizo zina masharti yake ya ukubwa wa chumba na hewa, na mi binafsi nyumba yenye mtu mzima na watoto siitaki, hayo ni maoni yangu. Tukachukua yenye kioo.

Kufunga kwenyewe hakukuwa na mbwembwe. Kitu kimoja tu nilikaa nikakitazama kwa makini, upangaji wa makaa. Yale makaa ya kauri yanakuja kwenye boksi na picha kwenye kitabu: hili namba 1 hapa, hili linaegemea lile, huku acha uwazi. Alipanga kitabu kikiwa wazi magotini, kaa moja moja, na moja alilipanga akalitoa akalirudia kwa sababu lilikuwa limeingia ndani kidogo. Nikamuuliza kwani kuna tofauti gani, akasema kaa likikaa kwenye njia ya moto, moto unagonga pale unapoa, gesi haiungui yote, unapata masizi na ile sumu. Kwa hiyo ukifuta vumbi usiyapange unavyoona wewe yanapendeza, usiongeze mawe ya baharini, usiongeze makaa mengine uliyonunua, usitupie karatasi wala ganda la chungwa kwa ajili ya harufu, na ubani au udi una chetezo chake, si humo. Hili la ganda la chungwa nimeliona kwa macho yangu nyumba za watu.

Na msidanganyike na rangi peke yake. Kwenye jiko la kupikia na hita nyingi moto mzuri ni wa bluu uliokaza, ukiwa wa njano unalegealegea ni dalili mbaya. Lakini hizi za makaa ya bandia zimetengenezwa zitoe moto wa njano ili ufanane na makaa ya kweli, kwa hiyo hapo unaangalia masizi, doa, harufu isiyo ya kawaida, na kama sura ya moto imebadilika na ilivyokuwa siku ya kwanza. Nilipiga picha siku ya kwanza. Fanyeni hivyo, inasaidia.

Mwisho wa kazi ndo jaribio ambalo ukiona fundi hajalifanya usimlipe. Alifunga madirisha yote na milango, akawasha hita moto wote, akaiacha ichemke dakika kadhaa, halafu akachukua kijiti cha moshi, chembamba, akakisogeza kwenye ukingo wa juu wa hita kwa mbele. Moshi wa kile kijiti ulivutwa ndani kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano, hakuna hata kidogo kilichorudi chumbani. Nikadhani tumemaliza. Akaniambia niende jikoni niwashe ile feni ya kuvuta moshi wa kupikia, mpaka mwisho, na mlango wa katikati akaufungua, akarudia tena. Sababu yake ni kwamba ile feni inanyonya hewa ya nyumba nzima, na kwenye nyumba iliyozibwa vizuri na madirisha ya vioo viwili inaweza kuushinda mvuto wa dohani ikaurudisha moshi chini. Sasa fikiria nyumba zetu, huku mtu anakaanga samaki feni inanguruma, sebuleni mtu mzima amekaa karibu na moto, mlango wazi. Jaribio letu lilipita, moshi ulipungua kasi kidogo lakini uliendelea kuingia ndani.

Alamu ya kaboni monoksaidi alituwekea mwenyewe, yenye alama ya kiwango cha BS EN 50291. Iwe kati ya mita 1 na mita 3 kutoka kwenye hita, kama ni ya ukutani ipande juu kupita mlango na dirisha lakini ibaki angalau sentimita 15 chini ya dari, isifichwe nyuma ya pazia. Ina tarehe ya kufa imeandikwa mgongoni, angalieni zenu, nyingine zimekufa zamani zinaning'inia tu. Na alamu haifuti sevisi, ile ni ya kukuamsha mambo yakishaharibika.

Baada ya kufunga, fundi anatakiwa kuiandikisha kazi ndani ya siku 30 kupitia Gas Safe, ndo unapata cheti cha kanuni za ujenzi. Kitunzeni, siku ya kuuza nyumba mwanasheria wa mnunuzi atakiulizia.

Bei sasa. Kufunga alichukua pauni 420 bila hita yenyewe, kofia ya dohani na alamu juu yake. Ni ghali kuliko ile kampuni ya kwenye simu, sitaficha. Sevisi ya mwaka ni pauni 95. Mwaka uliofuata alikuja kwa sevisi na hakukaa anapuliza vumbi tu kama wengine wanavyofanya dakika kumi wanaondoka. Aliitoa hita nzima, akaangalia nyuma kama kuna kilichodondoka, akasafisha pailoti, kwa sababu hizi za kisasa pailoti yake ndo mlinzi, hewa ya chumba ikipungua oksijeni inajikata yenyewe, na ikiingiwa na vumbi au manyoya ya zulia inaanza kuzimikazimika. Akapima presha, akapanga makaa upya, akarudia jaribio la kijiti cha moshi na feni ya jikoni. Akaniambia na mimi mwenyewe, pailoti ikizimika ovyo nisiwe mtu wa kuiwasha tena na tena, wala nisimruhusu mtu yeyote kukifunga waya au kukirekebisha kile kifaa, ndo kinachotulinda.

Nusu nyota nimeikata kwa mambo mawili. Hafiki kwa wakati, anasema saa tatu asubuhi anakuja saa tano na meseji hatumi, na kwa watu wa zamu kama sisi hiyo ni siku imepotea. La pili, siku ya kutoa hita ya zamani alitandika shuka la kukinga fupi mno na masizi yaliingia kwenye zulia, alisafisha lakini kivuli kipo mpaka leo.

Kuna kundi moja nataka kuliambia kabla sijamaliza, ndugu zetu mliokuja juzijuzi kwa kazi za kutunza wazee mnaokaa nyumba za kushirikiana. Wenye nyumba wengi wanageuza sebule kuwa chumba cha kulala wanapangisha, na ile hita ya gesi ya zamani inabaki humohumo ukutani. Sheria haiko hivyo. Kwenye chumba cha kupangisha kilichogeuzwa kuwa cha kulala, hita ambayo inatumia hewa ya chumbani lazima iwe na kifaa cha kujizima kabla hewa haijawa ya hatari, na ikizidi kilowati 14 hairuhusiwi kabisa isipokuwa ile iliyofungika inayovuta hewa yake nje. Mwenye nyumba lazima afanye ukaguzi wa gesi kila mwaka na fundi wa Gas Safe, akupe nakala kabla hujahamia, na ukiwa ndani tayari akupe ndani ya siku 28 baada ya ukaguzi. Na hapa England toka tarehe 1 Oktoba 2022 chumba cha kupangisha chenye hita ya gesi lazima kiwe na alamu ya kaboni monoksaidi, ikiharibika ukamwambia anatakiwa kuitengeneza au kubadilisha. Hiyo ni haki yako, si fadhila, na kuuliza karatasi ya gesi hakuhusiani na viza yako. Akikataa, halmashauri ya mji inapokea malalamiko.

Na tafadhali, lile tundu la hewa ukutani linaloleta baridi, msilizibe. Najua baridi ya Januari inavyopita pale, nimeona mtu ameweka tepu, mwingine kaingiza mfuko wa plastiki na kanga kuukuu. Wenyewe wameliweka kwa hesabu ya ile hita. Kama baridi inakushinda zungumza na fundi kuhusu aina nyingine ya hita au kifuniko kinachoruhusiwa, lakini tepu hapana. Mkisikia harufu ya gesi, au alamu ikilia, fungua madirisha, zima hita, funga ule mpini wa mita kama unafikika, tokeni nje, na ndo mpige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, ni bure, usiku na mchana. Watakuja kuizima ibaki salama, kutengeneza ni juu ya fundi wako. Usiwashe wala kuzima swichi ya taa, usiwashe kiberiti kutafuta inavujia wapi. Mtu akizidiwa au akizimia, piga 999 ya ambulensi moja kwa moja na uwatajie kaboni monoksaidi, maana wasipoambiwa wanaweza kufikiri ni mafua.

Kumpata huyu fundi wangu: Septemba ndo bora, ikifika Novemba amejaa mpaka Krismasi. Simu hapokei akiwa kazini, mtumie meseji ukiwa umeshapiga picha ya hita yako, ya dohani kwa nje na ya tundu la hewa kama lipo, anajibu jioni baada ya saa kumi na mbili, na atakuuliza dohani ilisafishwa lini kabla hajakutajia bei yoyote.